Biti 32 ndani ya biti 64: kuchanganya maktaba kunagharimu kiasi gani?

Faili lipo. Ukiandika `ls` unaliona, ruhusa ya kuendeshwa inayo, jina umeliandika bila kukosea herufi. Ukiliendesha, Linux inakujibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Wanaotengeneza vifaa vinavyoendeshwa na Linux, kama mashine za risiti, visoma alama za vidole, mageti ya maegesho na vidhibiti vya pampu, wanalijua jibu hili, na wengi wamepoteza alasiri nzima wakitafuta faili ambalo halijapotea.

Kinachokosekana ni kipakiaji. Amri ya `file` itakuambia programu ile ni ya ARM ya biti 32 na kwamba inakiita `/lib/ld-linux-armhf.so.3` kije kiipakie. Imeji yako ni ya biti 64 tupu, na kipakiaji pekee kilichomo ni `ld-linux-aarch64.so.1`. Kerneli inatafuta kile cha kwanza, haikipati, inarudisha kosa lenye maneno yanayopotosha.

Chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: bodi mpya, programu ya zamani. Umenunua bodi yenye prosesa ya biti 64, lakini mtengenezaji wa printa ya risiti au kisoma vidole amekupa maktaba iliyofungwa, isiyo na msimbo chanzo, iliyojengwa enzi za biti 32. Sasa unataka vyote viwili viishi kwenye imeji moja. Inawezekana, tena kwa njia kadhaa, na kila njia ina bei yake. Ubaya ni kwamba bei inayoonekana siku ya kusakinisha ndiyo ndogo kuliko zote.

Kabla ya kulinganisha njia, kagua mambo mawili yanayoweza kukuokolea fedha. La kwanza ni aina ya biti 32 uliyopewa. ARM ya biti 32 ina familia mbili kwenye Debian: armhf, inayopitisha namba za desimali kwenye rejista za kitengo cha hesabu cha prosesa, na armel, ya zamani zaidi, isiyofanya hivyo. Programu inayoomba `/lib/ld-linux.so.3` badala ya `ld-linux-armhf.so.3` ni armel, na ukiisakinishia maktaba zote za armhf duniani haitaamka. Ukaguzi huu ni wa dakika moja. Usipofanyika, unaweza kumlipa mtu wiki nzima ajenge kitu kisichokusaidia.

La pili ni zito zaidi: ulichopewa ni programu kamili, au ni maktaba ya kuitwa na programu yako? Programu ya biti 64 haiwezi kupakia maktaba ya biti 32 ndani ya mchakato mmoja. Ukijaribu, kipakiaji kitakataa na kutaja `ELFCLASS32`, na hakuna kifurushi utakachoongeza kitakachobadilisha jibu hilo. Kuchanganya usanifu kwenye imeji maana yake ni programu za aina mbili kuishi nyumba moja, kila moja na maktaba zake. Kwa hiyo kama una faili la `.so` peke yake, utalazimika kuandika kihuduma kidogo cha biti 32 kinachoipakia maktaba hiyo na kuzungumza na programu yako kubwa kupitia soketi. Ni kazi ya siku chache kwa mwenye uzoefu, lakini iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, maana njia zote za kuchanganya nitakazozitaja hapa chini zinaihitaji.

Njia ya bei nafuu kuliko zote huwa haijaribiwi kwa sababu ya aibu au haraka: kumwandikia mtengenezaji na kuomba toleo la aarch64. Mara nyingi lipo, limekaa tu kwenye folda ambayo muuzaji wa hapa hakuifungua. Barua pepe haina gharama.

Asipokuwa nalo, fikiria kinyume cha unachotaka kufanya. Badala ya kuingiza biti 32 ndani ya mfumo wa biti 64, acha programu zote ziwe za biti 32 juu ya kerneli ya biti 64. Wengi wanaiona njia hii kama kurudi nyuma. Raspberry Pi hawakuiona hivyo: mwaka 2023 walibadilisha mipangilio ili hata watumiaji wa mfumo wao wa biti 32 wapate kerneli ya biti 64 kwenye bodi zinazoweza kuiendesha. Kwa kifaa chenye RAM ndogo hesabu inaelemea huko. Kielekezi cha biti 64 kinachukua baiti 8, cha biti 32 kinachukua 4, na programu zilizojaa vielekezi hunenepa bila kukupa chochote. Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 15, ina prosesa ya biti 64 na MB 512 tu za RAM. Kwenye bodi kama hiyo, kubeba seti mbili za maktaba kwenye kumbukumbu ni anasa. Programu za biti 64 hutumia libc yao na za biti 32 yao; hazigawani hata ukurasa mmoja.

Ukichagua hivi unakuwa na seti moja ya maktaba, seti moja ya viraka vya usalama, na imeji ndogo. Unachopoteza ni programu zinazotolewa kwa biti 64 pekee, na mchakato mmoja hauwezi kutumia zaidi ya GB 4 za anwani. Mashine ya risiti haitazihitaji. Kifaa cha kutambua nyuso kwa kamera huenda kikazihitaji, na maktaba za akili mnemba zinazidi kutolewa kwa biti 64 peke yake.

Tuseme basi ni lazima uchanganye. Anayejenga imeji kwa Debian ndiye mwenye mwanzo rahisi kuliko wote. Tangu Debian 7 ya mwaka 2013, vifurushi vya usanifu tofauti vinaweza kukaa pamoja kwa sababu kila usanifu una saraka yake: `/usr/lib/aarch64-linux-gnu` kwa biti 64, `/usr/lib/arm-linux-gnueabihf` kwa armhf. Unaandika `dpkg --add-architecture armhf`, unasasisha orodha, kisha `apt install libc6:armhf libstdc++6:armhf`, na programu iliyokuwa ikikataa inaamka. Hakuna kukompaili, hakuna kusubiri. Kipakiaji, libc, libm na maktaba ya C++ kwa pamoja ni kama MB 5 hivi kwenye diski.

MB hizo 5 zinadanganya, na watu wengi hupigia bei hapo. Programu yenye dirisha la picha itaomba maktaba za michoro. Hizo zitaivuta Mesa ya armhf, na Mesa itaivuta LLVM, ambayo faili lake moja tu linakaribia MB 100. Hukuomba kikompaila kwenye mashine ya risiti, lakini sasa unacho, mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya mtu, mwambie aendeshe `apt install --simulate` mbele yako na asome orodha yote hadi mwisho. Ikiwa programu ile inawasiliana mtandaoni kwa usimbaji fiche, itakuja na OpenSSL ya pili pia.

Debian ina sharti jingine ambalo hujitokeza miezi baadaye. Maktaba inayosakinishwa kwa usanifu mbili lazima iwe na toleo lilelile pande zote mbili. `Dpkg` haikubali libssl ya arm64 iwe mbele ya libssl ya armhf hata kwa kiraka kimoja. Kwenye hazina za Debian zenyewe hilo halisumbui sana. Linasumbua ukiongeza hazina ya mtengenezaji wa bodi anayetoa maktaba zake za michoro kwa arm64 pekee: siku anapopandisha toleo, upande wa armhf unakwama, na sasisho lote linasimama. Bodi za bei rahisi zenye imeji za kiwandani ndizo zenye ugonjwa huu. Ukinunua bodi ya namna hiyo kwa kazi mchanganyiko, hesabu kwamba siku moja utalazimika kujenga kifurushi hicho mwenyewe.

Yocto, zana ya kujengea mfumo mzima wa Linux, ni habari nyingine kabisa. Hapa hununui vifurushi vilivyopikwa. Unajenga kila kitu kutoka msimbo chanzo, na mchanganyiko unaitwa multilib. Kwenye usanidi unaingiza `conf/multilib.conf`, unaandika `MULTILIBS = "multilib:lib32"`, unataja aina ya prosesa ya biti 32 kwa `DEFAULTTUNE:virtclass-multilib-lib32`, kisha unaongeza vifurushi vyenye kiambishi, kama `lib32-glibc` na `lib32-libstdc++`. Mistari minne au mitano. Ukiangalia mafunzo ya zamani utaona alama ya mstari wa chini mahali ambapo leo tunaandika nukta mbili. Sintaksia ilibadilika mwaka 2021, na kunakili kutoka mafunzo ya kale ndiko chanzo cha nusu ya malalamiko ninayoyasikia.

Baada ya mistari hiyo mashine inaanza kula. Kikompaila cha pili kinajengwa, glibc inajengwa upya, na kila kifurushi cha `lib32-` kinachukua muda wake. Muda hauongezeki mara mbili, maana zana za kompyuta yenyewe zinatumika pande zote, lakini unaongezeka vya kutosha kumtoa mtu mwenye laptopu ya GB 8 nje ya mchezo. Nyaraka za Yocto zilikuwa zikishauri GB 90 za nafasi kwenye diski, na za matoleo ya karibuni zimepanda hadi GB 140. Kwa kampuni ndogo hii ndiyo gharama ya kuandika kwanza: kompyuta ya kujengea, au seva ya kukodi inayolipwa kwa saa. Pamoja nayo kuna bando, kwa kuwa msimbo chanzo wa mara ya kwanza unapakuliwa kwa GB nyingi. Hifadhi folda ya upakuaji na ya `sstate-cache` mahali salama. Anayezifuta ili "aanze upya" anachoma pesa.

Gharama ya pili ya Yocto ni migongano. Ukiwasha multilib kwenye aarch64, maktaba za biti 64 zinahamia `/usr/lib64` na `/usr/lib` inaachiwa biti 32. Kila hati iliyoandika njia kwa mkono inaweza kuvunjika, na hutajua mpaka kifaa kiwashwe. Kisha kuna faili zinazodaiwa na pande mbili: vifurushi viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha `lib32-`, vinataka kuweka faili la jina lilelile mahali palepale, na yaliyomo hayafanani. Anayetumia mfumo wa vifurushi wa RPM anapata nafuu, kwa sababu RPM inajua kutofautisha programu za biti 32 na 64 na kuipa moja kipaumbele. Anayetumia IPK atakutana na ukaguzi unaosimamisha ujenzi wa imeji na kumwonyesha faili lenye ugomvi.

Kuna njia ya mkato ambayo ningemkataza mtu yeyote. Ukiweka programu ya biti 32 ndani ya resipe (faili la maelekezo ya kujenga kifurushi) ya kawaida ya biti 64, ukaguzi wa Yocto unapiga kelele kwamba usanifu haulingani. Mafundi wenye haraka huandika `INSANE_SKIP` na kelele zinanyamaza. Lakini kelele ile ndiyo iliyokuwa inakulinda. Imeji inatoka ikiwa na programu ambayo maktaba zake hazikuja nayo, na unarudi kwenye faili lisiloonekana. Resipe ya programu ya mtengenezaji ijengwe kama `lib32-` yenyewe, ndipo utegemezi wake utafuatwa ipasavyo. Ukimlipa mtu afanye kazi hii, tafuta neno `INSANE_SKIP` kwenye kazi yake kabla ya malipo ya mwisho.

Yocto inakupa pia ile njia ya biti 32 yote juu ya kerneli ya biti 64: ukishawasha multilib unaweza kujenga imeji nzima kwa jina la `lib32-core-image-minimal`. Wengi wanaojitesa na migongano ya faili wangeishia hapo wakalala mapema.

Buildroot, zana nyingine ya kujengea mfumo, haihitaji maelezo mengi. Inajenga usanifu mmoja tu, basi. Wapo wanaonakili maktaba za biti 32 kwa mkono ndani ya saraka ya ziada, na kwa programu moja isiyobadilika inakwenda. Lakini Buildroot haina meneja wa vifurushi kwenye kifaa, kwa hiyo hakuna kinachokumbuka kwamba maktaba hizo zipo. Mwaka unaofuata aliyezinakili ameshaajiriwa kwingine.

Njia ninayoipendelea kwa programu moja iliyofungwa ni kuitenga. Unatengeneza mti mdogo wa faili za biti 32 wenye libc, maktaba chache na programu ya mtengenezaji, unauweka kwenye saraka yake, na kuiendesha humo. Watu wakisikia hivyo wanakimbilia Docker, ambayo kwenye kifaa kidogo inakuja na mzigo wake: injini yake pekee inachukua zaidi ya MB 100 na inakula RAM hata kontena likiwa limelala. Kama imeji yako ina systemd, huhitaji Docker. Faili la huduma lenye `RootDirectory=/opt/biti32` na `BindPaths=` ya kifaa cha `/dev` kinachohitajika linatosha, na Buildroot inaweza kuujenga ule mti wa biti 32 vizuri kama mradi wa pembeni. Mfumo mkuu unabaki safi wa biti 64. Ukitaka kuusasisha, unabadilisha saraka moja. Mtengenezaji akileta toleo la aarch64 siku moja, unafuta saraka ile bila kugusa kingine.

Kutenga hakuondoi matatizo ya kerneli, ambayo ni ileile kwa pande zote. Kwanza lazima iwe imejengwa na `CONFIG_COMPAT`, la sivyo hakuna programu ya biti 32 itakayoendeshwa moja kwa moja na prosesa. Pili, draiva ya kifaa lazima ijue kupokea amri za ioctl kutoka programu ya biti 32. Draiva zilizo kwenye kerneli rasmi kwa kawaida zimelishughulikia hilo. Draiva za mtengenezaji nje ya kerneli mara nyingi hazijalishughulikia. Dalili yake ni programu kufunguka vizuri, kuliona kifaa, kisha kushindwa amri ya kwanza. Hapo hakuna kifurushi cha kuongeza, ni kurekebisha draiva.

Na uigaji kwa QEMU? Unafanya kazi, hata kwenye prosesa isiyo na biti 32 kabisa. Ni polepole. Kwa programu inayochapisha risiti moja kwa dakika, sawa. Kwa kulinganisha alama za vidole mteja akiwa amesimama mlangoni, hapana.

Sasa fedha. Chukua Compute Module 4 kwa bei za uzinduzi wake, Oktoba 2020, ambazo zinaonyesha ngazi vizuri hata kama sokoni zimeshabadilika: yenye RAM ya GB 1 bila hifadhi ilikuwa dola 25, yenye eMMC ya GB 8 dola 30, ya GB 16 dola 35. Kutoka RAM ya GB 1 hadi 2 ilikuwa dola 5 nyingine. Ukitengeneza vifaa 500, kupanda ngazi moja ya hifadhi ni dola 2,500. Maktaba za MB 5 hazitakupandisha ngazi yoyote. Zile za michoro, kwenye kifaa chenye fleshi ya MB 256, zitakupandisha, hasa kwa sababu vifaa vinavyosasishwa kwa mbali huwekwa nakala mbili za mfumo, moja inayofanya kazi na moja ya kupokea sasisho. Kila MB unayoongeza unailipia mara mbili.

Halafu kuna laini za simu zinazobeba masasisho. Tuseme dosari imegundulika kwenye OpenSSL, na kwa kuwa unazo mbili, sasisho limeongezeka kwa MB 40 za vifurushi vya biti 32. Kwa vifaa 500 hizo ni GB 20 za bando kwa mara moja, na utalirudia zoezi kila dosari ikitokea. Debian inatoa viraka kwa jumla ya miaka 5 kwa kila toleo, Yocto miaka 4 kwa matoleo yake ya muda mrefu, 5.0 iliyotoka Aprili 2024 inaishia Aprili 2028. Maktaba ya mtengenezaji yenyewe haitapata kiraka chochote, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuiweka kwenye saraka yake badala ya kuisambaza kwenye mfumo mzima.

Anayepanga kifaa kidumu miaka 12 ahesabu na mwaka 2038. Programu za biti 32 za zamani zinahesabu sekunde kwa namba itakayojaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imehamisha armhf kwenye hesabu ya biti 64, na ndiyo maana vifurushi vyake vingi vina mkia wa `t64`. Hilo ni jema kwa programu zinazojengwa upya. Kwa programu iliyofungwa iliyojengwa kwa hesabu ya zamani, maktaba zinazopokea muda huenda zisielewane nayo tena, kwa hiyo usiahidi kwamba kilichofanya kazi kwenye Debian 12 kitahamia 13 bila jasho.

Prosesa nazo zinafunga mlango. Cortex-A76 iliyomo kwenye Raspberry Pi 5 inaendesha biti 32 kwa programu za kawaida tu, si kwa kerneli. Cortex-A715 ya mwaka 2022 imeiacha kabisa. A53 na A55, zinazotawala bodi za bei nafuu, bado zinaiendesha, na anayehitaji mchanganyiko leo anunue humo. Raspberry Pi 5 ina mtego wake: kerneli yake ya kawaida inatumia kurasa za kumbukumbu za KB 16, na programu za biti 32 zilizopangwa kwa kurasa za KB 4 zinaweza kukataa. Mstari wa `kernel=kernel8.img` kwenye `config.txt` unairudisha kwenye KB 4, ingawa unapoteza kidogo kwenye kasi.

Ukiagiza kifaa chochote chenye maktaba iliyofungwa, weka maswali haya kwenye oda kabla ya kulipa: imejengwa kwa usanifu upi, kwa glibc ya toleo gani, sehemu zake zimepangwa kwa kurasa za ukubwa gani, na toleo la aarch64 lipo au halipo. Muuzaji akijibu kwamba la biti 64 liko njiani, piga bei kana kwamba halipo.